Pingili haikutoka popote: mgongo, mlio, na mwili unaojua ulipo

Wiki iliyopita mama mmoja wa makamo aliingia chumbani kwangu, akavua viatu na kujilaza kifudifudi kwenye kitanda cha tiba kabla sijamwuliza jina. "Daktari, nirudishie pingili mahali pake. Imetoka tena. Nikitembea nayumba." Nilimwomba ainuke, aketi, anieleze taratibu. Alishangaa. Alikokuwa akitibiwa, alisema, hakuulizwa kitu: alialishwa mgongo mara tatu, yaani ulisukumwa mpaka ukalia, akaambiwa mfupa umerudi, akalipa, akaondoka. Siku nne baadaye ukatoka tena. Amekwenda hivyo miezi saba.

Mimi ni tabibu wa kairopraktiki, tiba ya mgongo na viungo kwa mikono. Nilisoma Durban, nafanya kazi Mombasa, na hakuna sentensi ninayoisikia kazini mara nyingi kama hiyo: imetoka, irudishe. Wazee wanaisema, vijana wa mazoezi wanaisema, hata muuguzi mmoja wa hospitali aliniambia hivyo mwezi uliopita. Kila mara namweleza mgonjwa mmoja, anaondoka ameelewa, na wa pili anaingia na sentensi ile ile. Safari hii naiandika, kwa sababu dhana hii haiishii kwenye maneno. Mtu anayeamini mgongo wake ni rundo la matofali yanayochomoka huogopa kuinama, huogopa kubeba mjukuu, hutembea amejikaza kama aliyebeba mtungi kichwani. Mwili uliokazwa hivyo huyumba zaidi.

Dhana: "Pingili imetoka mahali pake, na ule mlio ni mfupa ukirudi"

Una pingili 24 zinazosogea: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili kuna diski iliyoshikana nazo juu na chini. Mbele na nyuma kuna kano ndefu zinazopita mgongo mzima, nyuma kuna maungio madogo mawili kila ngazi, na juu ya hayo yote kuna tabaka za misuli, nyingine fupi kiasi kwamba zinaunganisha pingili mbili tu. Kuihamisha pingili kutoka humo si kazi ya kuamka vibaya au ya kuinua ndoo. Ni kazi ya ajali ya matatu, au ya mgema kuanguka kutoka juu ya mnazi. Mtu ambaye pingili yake imehama kweli haji kwangu kwa miguu. Hubebwa kwa machela, shingo imefungwa, na wa kumshughulikia ni daktari wa upasuaji.

Iko hali moja inayostahili kutajwa ili nisishutumiwe kuificha. Pingili ya chini inaweza kusogea mbele ya mwenzake polepole kwa miaka, tunaiita spondilolisthesisi. Huonekana kwenye picha, wengi huishi nayo bila hata kuijua, na hakuna mkono wa mtu unaoisukuma ikarudi. Kwa hiyo hata pale ambapo neno "imesogea" ni la kweli, neno "irudishe" si la kweli.

Lawama ya dhana hii ni ya fani yangu wenyewe. Daniel David Palmer, aliyeianzisha kairopraktiki mwaka 1895 huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, alifundisha kwamba pingili zilizohama hubana neva na kuleta karibu kila ugonjwa. Hali hiyo akaiita sablaksesheni. Alikuwa mtu wa zama zake, na picha za eksirei ndiyo kwanza zilikuwa zinagunduliwa mwaka huo huo. Lakini sisi tumekuwa na zaidi ya miaka mia moja ya kuangalia. Mwaka 2010 baraza linalosimamia matabibu wa kairopraktiki Uingereza lilitamka kwamba sablaksesheni ni dhana ya kihistoria, na kwamba hakuna utafiti wa kitabibu unaoruhusu kudai kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa. Wapo wenzangu waliokasirishwa na tamko lile. Mimi nililifurahia.

Sasa ule mlio. Alisha kidole chako. Je, kidole kilikuwa kimetoka mahali pake? Hakikutoka, na unajua. Mlio wa mgongo ni wa aina ile ile. Kila kiungo cha namna hiyo kimefungwa ndani ya kifuko chenye ute, na ute huo una gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zikivutwa ghafla zikaachana, shinikizo ndani ya kifuko linashuka, na gesi inajitenga ikafanya uwazi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliivuta mifundo ya vidole ndani ya mashine ya MRI iliyokuwa ikipiga picha mfululizo, wakauona uwazi huo ukizaliwa wakati ule ule kiungo kinapolia. Baada ya hapo kiungo kile hakilii tena kwa dakika kama 20, mpaka gesi iyeyuke upya. Mfupa uliorudi mahali pake usingehitaji kusubiri dakika 20.

Kuna mengine mawili ninayowaambia wagonjwa wabishi. La kwanza: watafiti walipopima mlio unatokea wapi hasa, matabibu wa Kanada waliolenga pingili fulani ya kiuno walikuta mlio umetoka sentimita 5 hivi kando ya walipolenga, kwa wastani, na mara nyingi ulilia zaidi ya mmoja. Yaani ngazi nzima ya jirani ilihusika. Pingili moja "iliyotoka" haikuwapo hata katika mlio wenyewe. La pili: mwaka 1998 watafiti wa Sweden walichukua wagonjwa 10 waliosemekana kiungo cha nyonga na mgongo kimehama, wakapima mahali mifupa ilipo kwa vidonge vidogo vya metali na picha za eksirei za pande mbili, kabla na baada ya kiungo kusukumwa. Kwa mikono ya matabibu, kiungo kilionekana kimekaa sawa. Kwa kipimo, mfupa haukusogea hata kidogo.

Soma hapo tena, maana ndipo jambo lilipo. Mfupa haukusogea, lakini kitu kilibadilika. Mgonjwa alihisi tofauti, na mkono wa tabibu ulihisi tofauti. Kilichobadilika ni nini?

Ni habari.

Funga macho, upeleke kidole cha shahada kwenye ncha ya pua. Umefika, au umekosea kidogo tu. Macho hayakukusaidia. Aliyekuongoza ni hisi ambayo Charles Sherrington, mwanafiziolojia Mwingereza, aliipa jina mwaka 1906: propriosepsheni. Kwa wagonjwa wangu naiita hisi ya ndani. Ndani ya misuli, kano na vifuko vya viungo kuna vipokezi vinavyopeleka ubongoni, kila nukta ya sekunde, habari za urefu wa msuli, mvutano wake na pembe ya kiungo. Ubongo unaziunganisha na habari za macho na za chombo cha usawa kilicho ndani ya sikio, kisha unatoa amri. Kusimama wima, jambo tunaloliona la bure, ni mazungumzo ya hao watatu.

Anayetaka kujua thamani ya hisi hiyo na amsikilize Mwingereza Ian Waterman. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, aliugua, na ugonjwa ukaharibu neva zinazoleta habari hizo kutoka shingoni kushuka chini. Misuli yake ilibaki na nguvu zote. Lakini hakuweza kuketi wala kusimama, kwa sababu hakujua miguu yake iko wapi. Alijifunza kutembea upya kwa kuiangalia miguu hatua kwa hatua. Taa zikizimika, alianguka.

Mgongo una sehemu kubwa katika mazungumzo hayo, na shingo zaidi. Ile misuli midogo iliyo chini ya kisogo, inayoshika fuvu na pingili mbili za juu, imejaa vipokezi kuliko karibu misuli mingine yote kwa uzani wake. Ndivyo inavyopasa, kwa sababu sikio la ndani linajua kichwa kimeinama, lakini halijui kama mwili nao umeinama au ni shingo tu. Shingo ndiyo inayotoa jibu. Sasa fikiria shingo yenye maumivu ya muda mrefu: misuli ya kina imelegea au imekaza kupita kiasi, kiungo hakisogei mwendo wake wote. Habari zinazotoka hapo zina makosa, na ubongo unaziamini.

Hili tunaweza kulipima. Namfunga mgonjwa tochi ndogo ya leza kichwani, anaketi sentimita 90 kutoka ukutani, natia alama pale mwanga ulipo. Anafumba macho, anageuza kichwa kulia mpaka mwisho, kisha anakirudisha pale anapodhani kilikuwa. Mwenye shingo nzima hurudi karibu na alama. Aliyepata ajali ya gari, au mwenye maumivu ya miaka, hukosea sentimita 7 na zaidi, akafungua macho akadhani nimeisogeza alama. Hapo ndipo watu wengi huelewa tatizo lao kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima wamekuwa wakiyumba, na hakuna mfupa uliotoka.

Je, kusukuma mgongo kunasaidia hisi hiyo? Kiasi, na nachagua neno hilo makusudi. Watafiti wa New Zealand waliona kuwa watu wenye shida ndogo ya shingo walikosea zaidi ya wazima walipotakiwa kurudisha kiwiko kwenye pembe fulani bila kuangalia, na baada ya shingo kutibiwa mara moja wakakosea kidogo. Mwaka 2016 huko Auckland, wazee 60 waligawanywa kwa kura: nusu walipata tiba ya kairopraktiki kwa wiki 12, nusu wakaendelea na huduma zao za kawaida. Waliotibiwa walitambua vizuri zaidi kifundo cha mguu kiko pembe gani, na wakawa wepesi zaidi kupiga hatua walipopewa ishara. Marekani, wanajeshi 110 wenye maumivu ya kiuno walifuatwa kwa wiki 4; waliotibiwa waliongeza nguvu na kusimama vizuri zaidi kwa mguu mmoja.

Utafiti huo ni mzuri, lakini usibebeshwe mzigo usiouweza. Watu ni wachache, muda ni mfupi, na wale ambao hawakutibiwa walijua hawakutibiwa. Utafiti wa Auckland haukuonyesha kuwa wazee walianguka mara chache zaidi, na kuanguka ndiko kunakovunja nyonga, si pembe ya kifundo. Tabibu anayekuambia kuwa kunyooshwa mgongo kutakuzuia kuanguka amesema zaidi ya anachokijua.

Mimi nalielewa hivi, baada ya miaka ya kuwatazama wagonjwa wakishuka kitandani. Msukumo unapokiamsha kiungo kilichokaza, maumivu yanapungua, mwendo unaongezeka, na kwa muda fulani ubongo unapokea habari mpya kutoka mahali palipokuwa kimya. Ni saa chache, pengine siku. Ukizitumia saa hizo kusogea, kugeuka, kusimama mguu mmoja, habari ile inapata kazi na inabaki. Ukiinuka kitandani ukaenda kuketi kwenye gari saa mbili, shingo imeinamia simu, kisha ukarudi nyumbani ukalala, basi umeulipa mlio. Ndiyo maana "inatoka tena" baada ya siku nne. Haikutoka. Haikutumiwa.

Kwa hiyo mgonjwa wangu haondoki kabla ya kufanya mazoezi ya dakika kumi mbele yangu. Wengine hunuka jasho na hasira, wakisema walikuja kutibiwa, hawakuja shule. Nakubali hasira yao, lakini sitawaacha waende bila hayo.

Dhana: "Kizunguzungu kinatoka shingoni, nialishe shingo"

Hii ni ya pili kwa kunichosha, na ni ya hatari kuliko ya kwanza.

Mzee anageuka kitandani alfajiri, chumba kinazunguka, anashika godoro. Sekunde 30 baadaye kimetulia. Akiinuka, hivyo hivyo. Akiangalia juu kuchukua kitu rafuni, hivyo hivyo. Familia inasema mshipa wa shingo umebanwa. Mara nyingi, kwa hadithi hiyo, shingo haina kosa. Ndani ya sikio kuna vichembe vidogo vya chokaa vinavyotuonyesha mvutano wa ardhi. Vikibanduka vikaingia kwenye mrija mmoja wa nusu duara, kila kichwa kinapogeuka vinayumbisha maji ya mrija na ubongo unadhani dunia inazunguka. Ndicho chanzo cha kizunguzungu cha kuzunguka kinachoonekana sana kuliko vyote. Namlaza mgonjwa kwa haraka kichwa kimegeuzwa upande, naangalia macho yake. Yakianza kucheza kwa namna yake, nimeshajua sikio gani.

Dawa yake ni kukigeuza kichwa kwa hatua nne, taratibu, ili vichembe vitoke mrijani. John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Oregon, aliieleza njia hiyo, na wengi hupona kwa kikao kimoja au viwili. Haina mlio, haina nguvu. Nimewahi kumpokea babu aliyealishwa shingo mara sita kwa kizunguzungu hiki. Tulimaliza kwa dakika kumi na tano. Mwanawe aliuliza kama ndiyo yote.

Kipo kizunguzungu cha shingo, hasa baada ya ajali. Huwa si cha chumba kuzunguka. Ni cha kuhisi kichwa kizito na hatua zisizo na uhakika, na huja pamoja na maumivu ya shingo. Hicho tunakitibu. Lakini tunakifikia baada ya kuondoa mengine: sikio, presha inayoshuka ukisimama, upungufu wa damu, vidonge vya usingizi, vidonge vya presha vilivyoongezwa wiki iliyopita.

Na yapo yanayonifanya nisiiguse shingo kabisa. Maumivu mapya ya shingo au kisogo, makali, ya aina ambayo hujawahi kuyapata, yakiandamana na kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, shida ya kumeza au ganzi usoni: huenda ukuta wa mshipa wa damu shingoni umepasuka. Ni jambo adimu, lakini nenda hospitali sasa hivi, na asikuguse mtu. Vilevile yule ambaye vidole vimekuwa vizito kufunga vifungo vya shati, mwandiko umeharibika, na akitembea anahisi kama anakanyaga sponji. Huyo huenda ugwe wa mgongo wenyewe, ule mkungu wa neva unaopita ndani ya pingili, unabanwa shingoni. Anahitaji MRI na daktari wa upasuaji. Akialishwa shingo anaweza kuamka hawezi miguu.

Kwa sababu hiyo naomba jambo moja kwa vinyozi wetu, watu ninaowapenda na ambao mimi mwenyewe huenda kwao: kanda kichwa, kanda mabega, taulo la moto liwepo. Kile kizungusho cha shingo cha mwisho, "ka, ka", kiacheni. Hamjui kichwa kilichomo mikononi mwenu kina nini.

Dhana: "Nayumba kwa sababu mgongo umepinda"

Turudi kwa yule mama. Nilimwomba asimame, miguu pamoja, mikono kifuani. Macho wazi, alisimama vizuri. Nikamwambia afumbe. Kabla ya sekunde tano nilimdaka. Mtu anayesimama kwa macho tu, hisi ya ndani imemwacha. Swali ni imekatika wapi.

Nilimvua soksi. Nikamgusa nyayo kwa uzi wa nailoni, ule mgumu tunaopimia miguu ya wenye sukari, mahali kumi kila mguu. Mguu wa kulia alihisi mahali pawili. Wa kushoto patatu. Ana sukari kwa miaka kumi na moja, anameza metfomini, na hakuna aliyewahi kumpima nyayo. Miezi saba mgongo wake unalizwa, na kumbe habari zilizokosekana ni za nyayo.

Kiuno chake kilikuwa kimekaza kweli, na nilikitibu, na alishuka akisema ni chepesi. Lakini nilimweleza wazi kuwa hicho si ndicho kinachomyumbisha. Nilimwandikia barua ya kwenda kliniki ya sukari, na nikaomba apimwe vitamini B12, kwa sababu metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kuipunguza, na upungufu wake nao huharibu neva hizo hizo. Kwa upungufu wa B12 kuna tiba. Neva zilizoharibiwa na sukari hazirudi kirahisi, ila sukari ikidhibitiwa uharibifu hupunguza kasi, na macho na sikio vinaweza kufundishwa kubeba mzigo zaidi.

Ukiwa na sukari na unayumba, vua viatu mbele ya yeyote anayetaka kukutibu mgongo. Asipoangalia nyayo, muulize kwa nini.

Dhana: "Uzee ni kuanguka, hakuna la kufanya"

Si kweli. Kati ya yote yaliyojaribiwa, mazoezi ya usawa ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, kuliko chochote ninachokifanya kwa mikono yangu. Mwaka 2019 Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya tafiti 108 zenye wazee zaidi ya 23,000: mazoezi yalipunguza kuanguka kwa 23%. Yawe ya kusimama, kugeuka, kuinuka kitini, kupanda ngazi, na yafanywe kwa miezi.

Pwani tunayo mazoezi tuliyoyarithi na tunayaacha. Anayetia udhu akiinua mguu mmoja kuuosha, bila kushika ukuta, amefanya zoezi la usawa mara tano kwa siku. Anayeinuka kutoka kwenye mkeka bila kushika kiti amefanya zoezi la nyonga. Mwenye hofu ya kuanguka aweke mkono karibu na ukuta, lakini karibu tu, asiuegemee. Na wakati wa kusubiri chai ichemke, simama mguu mmoja kando ya meza ya jikoni, sekunde 10, kisha mwingine. Ikiwa rahisi, geuza kichwa kulia na kushoto taratibu. Ikiwa rahisi bado, fumba jicho moja. Hili nimelisema mpaka wanangu wanalisema kwa kuniigiza.

Kandambili zilizolegea zitupeni. Mguu unaojikunja vidole kushikilia kandambili hausomi sakafu.

Dhana nyingine, kwa haraka

"Mguu wangu mmoja ni mfupi, tabibu alinionyesha nikiwa nimelala." Ukilala, nyonga ikikaza upande mmoja, kisigino kimoja huonekana juu ya kingine. Ukijigeuza kidogo tu, hubadilika. Tofauti ya kweli ya mifupa hupimwa kwa picha, na ya milimita chache wanayo watu wengi bila shida yoyote.

"Bila eksirei huwezi kujua." Kwa maumivu mengi ya mgongo naweza. Eksirei ya mtu wa miaka 50 itaonyesha mikwaruzo na miiba ya mifupa, kama mvi kichwani, na atarudi nyumbani ameogopa bure. Naiomba kwa aliyeanguka vibaya, mwenye mifupa dhaifu, mwenye homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo (kifua kikuu cha mgongo bado kipo kwetu), na aliyewahi kuugua saratani. Hao sitaweka mkono kabla ya picha.

"Ukianza kunyooshwa huwezi kuacha." Unaweza. Ukiuziwa vikao 40 vya kulipia mbele siku ya kwanza, kabla hata hujapona wala kushindwa kupona, chukua pochi yako uondoke. Mimi naangalia baada ya vikao vinne hadi sita. Kama leza ukutani haijasogea karibu na alama na maumivu ni yale yale, kosa ni langu au la ugonjwa nisioujua, na nampeleka kwa mwingine.

"Usikae ukiwa umejikunja, pingili zitatoka." Mkao mbaya ni ule unaokaa nao saa tatu, hata ukiwa umenyooka kama mlingoti. Badilisha kila baada ya nusu saa.

Yule mama alirudi juzi. B12 yake ilikuwa chini, na ameanza sindano. Nilimwuliza mgongo ukoje. "Kiuno ni kizuri. Lakini mwanangu, nyayo usiku zinanichoma, ilhali zamani zilikuwa kimya." Nilimwambia ni mapema kusema, ila neva zinazoamka wakati mwingine huanza kwa kuuma. Tukasimama pamoja kando ya kitanda cha tiba, macho yamefumbwa, mikono yangu hewani pande zote mbili bila kumgusa. Alifika sekunde tisa.